Kuboresha sasipensheni ya gari kwa bajeti finyu: pesa kidogo ianzie wapi

Mtu akitaka kuboresha sasipensheni ya gari lake, macho hukimbilia springi fupi na shokapu zenye rangi. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilifunga springi fupi kwenye gari ambalo bushi zake zilikuwa hoi, nikaishia na gari lililokaa chini, gumu kama mkokoteni, na kwenye kona bado linayumba. Pesa ilikuwa imekwisha. Ikabidi nirudi nyuma, nibadilishe bushi moja moja kadiri senti zilivyopatikana, na bushi zile za bei ndogo ndizo zilizoligeuza gari.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na hamu ya wengi wetu. Kwanza tunarudisha kilichochoka, halafu tunaongeza kidogo pale panapolipa. Gari lenye kilomita 150,000 likipata bushi nzima, shokapu nzima na alaimenti sahihi (upangaji wa pembe za magurudumu), mwenyewe atahisi ameazimwa gari la mtu mwingine.

Nani anafanya kazi gani

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi, inaituliza springi. Springi ikikandamizwa na tuta hutaka kurudi juu na kuendelea kudunda, na shokapu huizuia kwa kulazimisha oili iliyo ndani yake ipite kwenye vitundu vidogo vya valvu. Nguvu ya kudunda inageuka joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye barabara mbovu na kugusa shokapu, utaikuta ina joto. Ile iliyopoa kuliko mwenzake wa upande wa pili inatia shaka.

Bushi ni raba iliyobanwa kati ya vyuma viwili, ikiruhusu mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi ya gari) kupanda na kushuka bila kuruhusu gurudumu litembee mbele na nyuma. Boljointi ni kiungo cha mpira wa chuma kinachoruhusu gurudumu lipande, lishuke na kukata kona. Stabilaiza ni fito inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, na linki zake ni vile vijiti vifupi vilivyo kwenye ncha.

Magari mengi madogo yana strati mbele, mpangilio wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson ambao Ford waliutumia kwenye gari la Consul la mwaka 1950. Shokapu na springi vimeunganishwa kuwa nguzo moja, na nguzo hiyo ndiyo inayoshika gurudumu na kuzunguka nalo unapokata usukani. Kwa hiyo ukigusa strati umegusa pia usukani na ulaji wa tairi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye alaimenti.

Ukaguzi kabla ya kutoa hata senti

Tenga nusu siku. Unahitaji jeki, stendi mbili imara, tochi, tepu ya kupimia, mtaimbo mdogo, na mtu mmoja wa kukusaidia. Jeki ni ya kuinulia tu. Ukishainua, gari likae kwenye stendi, na tairi zilizobaki chini ziwekewe kabari. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

1. *Pima urefu.* Egesha pahali palipo sawa, buti likiwa tupu na tairi zikiwa na upepo sahihi. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Tunapima kutoka katikati ya rimu wala si kutoka chini ili upepo wa tairi usitudanganye. Kushoto na kulia vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, shuku springi iliyolala au iliyovunjika. Springi nyingi huvunjikia pindo la chini kabisa, ndani ya sahani yake, mahali usipopaona mpaka umulike kwa tochi.

2. *Kandamiza pembe za gari.* Sukuma chini kwa nguvu kisha achia. Gari lipande mara moja na kutulia. Likidunda mara mbili au tatu, shokapu imekwisha. Lakini usishangilie likitulia: shokapu iliyodhoofika nusu hufaulu mtihani huu wa mkono na kufeli kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

3. *Angalia oili.* Unyevunyevu karibu na sili ya juu ni wa kawaida. Mchirizi ulioteremka hadi chini ukanata vumbi ni hukumu ya mwisho.

4. *Tikisa magurudumu.* Gari likiwa kwenye stendi, shika tairi juu na chini, vuta na kusukuma. Mchezo hapo, yaani kulegea, unatokana na beringi au boljointi. Mwombe mwenzako akanyage breki, na mchezo ukitoweka basi beringi ndiyo mkosaji. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo huo mara nyingi ni wa tairodi endi, kiungo cha ncha ya fito ya usukani.

5. *Ingiza mtaimbo kwenye bushi.* Hapa usiharakishe, maana ndipo magari mengi yanapougua bila mwenye gari kujua. Weka ncha ya mtaimbo kati ya mkono wa chini na krosimemba (chuma kinene cha chini kinachoushika mkono huo), usukume taratibu huku mwenzako akimulika. Bushi nzima hujongea kidogo na kurudi, kama fizi inavyofanya ukiibonyeza. Iliyokwisha itakuonyesha mpasuko unaofunguka kama mdomo, unga wa kutu utadondoka, na bomba la katikati litahama hadi ligonge ukuta. Mlio huo wa kugonga ndio unaousikia kila unapokanyaga breki.

6. *Soma tairi.* Ulaji wa upande wa ndani au wa nje peke yake ni wa vipimo vya alaimenti au bushi zilizolegea. Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi, kwenda na kurudi. Ukihisi meno ya msumeno upande mmoja, tou imekosewa, yaani tairi hazitazami mbele sawasawa. Mabonde mabonde kuzunguka tairi nzima ni ya shokapu iliyochoka au balansi mbovu.

7. *Sikiliza.* Kugongagonga kwenye vishimo vidogo kwa mwendo mdogo kwa kawaida ni linki za stabilaiza. Mlio mmoja mzito ukifunga breki au ukiondoka ni bushi za mkono wa chini. Kukwaruza au kupiga "tang" ukizungusha usukani gari limesimama ni mauntingi ya juu ya strati (kishikio kinachoifunga kwenye bodi) au beringi yake.

Andika yote kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda na fundi anayetaka kubadilisha kila kitu, na pia na yule anayesema gari halina tatizo.

Mabadiliko yasiyo na gharama

Upepo wa tairi kwanza. Kibandiko chenye vipimo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au nyuma ya kifuniko cha tangi. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usiijaze hiyo. Nimewahi kupanda gari ambalo mwenyewe alikuwa anatafuta shokapu laini, kumbe tairi zimejazwa hadi kikomo. Tulipunguza upepo na safari ya kutafuta shokapu ikafa palepale.

La pili, shusha mizigo. Vyuma, madumu na spea za zamani vinavyoishi kwenye buti vinashusha nyuma ya gari na kuilisha springi kazi isiyo yake.

La tatu ni rimu. Aliyeweka rimu kubwa zenye tairi nyembamba ubavuni amejinunulia ugumu. Ubavu wa tairi ni springi ya kwanza kabisa, na uzito wa rimu haubebwi na springi: gurudumu likiwa zito, shokapu inapata shida kulituliza. Kama rimu za kiwandani bado unazo, zirudishe ujaribu wiki moja kabla ya kununua chochote.

Pesa ifuate mpangilio huu

Ningekuwa na bajeti ya kidogo kidogo, ningekwenda hivi. Mwanzoni kabisa kile kinachogusa usalama: boljointi, tairodi endi na beringi zenye mchezo. Hizo hazingoji mwisho wa mwezi. Kisha linki za stabilaiza na bushi zake mbili za katikati, kwa sababu ni bei ndogo, zinafungwa kwa saa moja, na nusu ya makelele ya chini ya gari hukoma. Kisha bushi za mikono ya chini. Baada ya hapo shokapu, jozi kwa jozi, pamoja na mauntingi zake. Alaimenti. Ndipo tuzungumze juu ya stabilaiza nene au springi.

Kwa nini bushi zitangulie shokapu? Shokapu mpya na nzuri kwenye bushi zilizokufa inatuliza gurudumu ambalo bado linatangatanga mbele na nyuma. Utalipa pesa nyingi upate nusu ya faida, na ukifungua tena baadaye kubadilisha bushi utalipa alaimenti mara ya pili.

Shokapu zibadilishwe mbili za ekseli moja kwa wakati mmoja. Moja mpya na moja kuukuu zitalifanya gari livute upande mmoja likipita matuta, na breki ya dharura itakuwa kamari. Pesa ikitosha jozi moja tu, anza na ekseli iliyo mbaya zaidi kwenye karatasi yako. Watengenezaji kadhaa hushauri shokapu zikaguliwe kila kilomita 20,000 na kubadilishwa kwenye kilomita 80,000 hivi. Kwenye barabara za mashimo usitegemee zifike huko.

Nini kinunuliwe kipya, nini cha mtumba

Vitu vya chuma kitupu vinavumilia kununuliwa kutoka kwenye gari lililochinjwa: stabilaiza, mikono ya chini isiyopinda, springi zisizo na kutu ya kuchimba. Vitu vyenye raba, oili au mpira wa chuma ndani yake nunua vipya. Shokapu ya mtumba ni kununua uchovu wa mtu mwingine. Hata ikiwa kavu kwa nje, huoni valvu zilizomo ndani.

Kwa shokapu, usiruke kwenda kwenye seti za kurekebisha urefu za bei rahisi. Shokapu ya kawaida ya kampuni inayoheshimika, kama KYB ya Japani, Monroe au Sachs, iliyotengenezwa kwa modeli yako, itakupa raha kuliko seti ya nyuzi na rangi isiyo na jina. Ukipata nafasi ya kuongeza kidogo, shokapu zenye gesi hushika vizuri zaidi kwenye mwendo mrefu kwa sababu mgandamizo wa gesi huzuia oili isifanye povu. Zile za bomba moja zinapoza joto vizuri kuliko za mabomba mawili, ila ni ghali na huwa kavu kidogo kwenye vishimo vidogo.

Feki ni nyingi kwenye biashara hii. Linganisha namba ya kifaa iliyogongwa kwenye chuma na ile ya boksi, tazama kulehemu kama kumenyooka, na kandamiza fito ya shokapu kwa mkono dukani: iingie kwa upinzani ulio sawa mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wala kuachia ghafla.

Bushi za poliyurethani zinasifiwa sana, na kwa maisha marefu zinastahili sifa. Lakini ni ngumu, zinapitisha mtetemo ndani ya gari, na bila grisi yake maalumu zitapiga kelele kama kitanda cha zamani. Mimi naziweka kwenye stabilaiza, ambako bushi inazunguka tu. Kwenye bushi kubwa za mikono ya chini nabaki na raba.

Kufunga: strati za mbele

Nachukua strati kwa sababu ndiyo kazi yenye hatari na yenye makosa mengi. Shokapu za nyuma zilizo peke yake, bila springi juu yake, ni bolti mbili na nusu saa, ila ekseli iegemezwe kwa jeki ya pili kabla hujafungua bolti ya mwisho, isije ikaning'inia kwenye mipira ya breki.

Jioni ya kuamkia kazi, nyunyizia bolti zote mafuta ya kulegezea kutu. Asubuhi zinyunyizie tena. Nati zenye plastiki ya kujibana ndani au zilizobonyezwa pembeni hazirudiwi, nunua mpya.

1. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, inua, weka stendi, toa magurudumu.
2. Piga picha ya kila kitu, hasa njia ya waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) na mpira wa breki. Vitoe kwenye vishikio vyake vilivyo kwenye strati.
3. Kwa kalamu ya chuma, chora alama kuzunguka bolti mbili zinazounganisha strati na kikombe cha gurudumu (chuma kinachobeba beringi ya gurudumu). Kwenye magari mengi matundu hayo yana nafasi kidogo, na alama itakurudisha karibu na kemba ya awali, yaani ule mlalo wa gurudumu, ili ufike kwa mtu wa alaimenti bila kula tairi.
4. Toa linki ya stabilaiza. Fungua bolti mbili za chini, na ufunge kikombe kwa kamba ili kisianguke nje na kuvuta sivijointi (kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu) au mpira wa breki.
5. Mwombe mwenzako ashike strati kwa chini, kisha fungua nati za juu zilizo pembeni. Nati ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayoishikilia springi iliyokandamizwa. Ukiifungua strati ikiwa bado ina springi yenye mgandamizo, mauntingi itaruka kama risasi.
6. Sasa springi. Weka klampu mbili zikitazamana, kila moja ikamate mapindo mengi iwezekanavyo, na uzikaze zamu kwa zamu, mizunguko michache kila upande. Klampu zenye nyuzi zilizolika au ndoano iliyopinda zirudishe zilikotoka. Usisimame mbele ya ncha ya springi. Springi ikianza kucheza kwenye sahani zake, ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Kama huna klampu nzuri, peleka strati gereji uwalipe kwa hatua hii peke yake. Ni pesa kidogo, na ndiyo hatua pekee kwenye mwongozo huu ambayo sioni aibu kumpa mtu mwingine.
7. Shokapu mpya isimamishe wima, isukume na kuivuta taratibu mara nne au tano ili hewa iliyoingia ilipokuwa imelala dukani irudi juu. Usiishike fito yake kwa koleo. Mkwaruzo mmoja utachana sili, na baada ya wiki chache utaona oili.
8. Panga upya: raba ya kuzuia mgongano, kava la vumbi, springi, sahani, mauntingi. Raba na kava vikiwa vimeoza visirudishwe, kwani vumbi ndilo linaloua sili ya shokapu mpya. Hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye kizuizi chake cha sahani. Nati ya katikati ikazwe kwa spana huku fito ikizuiwa kwa ufunguo wake, si kwa bunduki ya upepo.
9. Rudisha strati kwenye gari, fuata alama zako, funga linki. Bolti za chini zikazwe kwa torki (kipimo cha nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilipobadilisha bushi za mikono ya chini mara ya kwanza, nilikaza kila kitu gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia. Kazi safi, bolti zote barabara. Baada ya miezi minne bushi zilikuwa zimechanika. Raba ya bushi nyingi imeshikana na mabomba yake ya chuma ya ndani na nje. Ukibana bolti mkono ukiwa umening'inia, umeifundisha raba kwamba hapo ndipo pumziko lake. Ukishusha gari, mkono unapanda na raba inabaki imesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Inachoka kabla ya kazi kuanza.

Dawa yake ni rahisi. Bolti zote zinazopita katikati ya bushi za raba zifunge kwa mkono tu, mpaka ziguse. Kisha weka jeki chini ya boljointi, inua taratibu hadi ule urefu wa katikati ya rimu na ukingo wa fenda uliouandika siku ya ukaguzi, na hapo ndipo ukaze kwa torki. Kama unalo shimo la gereji au rampu, kaza gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake. Ukipeleka kwa fundi, simama hapo uone anakaza akiwa katika hali gani. Hilo moja litakuambia mengi juu yake kuliko ukubwa wa gereji.

Nati za magurudumu mwishoni zikazwe kwa mtindo wa msalaba. Magari mengi madogo yanataka torki ya kati ya Nm 100 na 120, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno.

Stabilaiza nene: uboreshaji ninaoupenda

Kama gari limesharudi kwenye uzima wake na bado linalala kwenye kona, hapa ndipo ningeweka pesa ya ziada. Modeli nyingi zina ndugu mwenye injini kubwa au toleo la michezo, na ndugu huyo mara nyingi ana stabilaiza nene inayoingia kwenye matundu yaleyale. Kwenye gari lililochinjwa huwa inauzwa kama chuma chakavu, au karibu na hapo.

Usidharau milimita. Ukakamavu wa fito hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 20 hadi 22, kwa fito isiyo na uwazi ndani na yenye umbo lilelile, ni ongezeko la asilimia 46. Badilisha na bushi za katikati zilingane na unene mpya, vinginevyo itagonga.

Wapi iwekwe? Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele kwa kawaida linasita kuingia kona, pua inakwenda nje. Stabilaiza nene ya nyuma inapunguza tabia hiyo. Nene ya mbele inaizidisha. Lakini usipitilize nyuma. Gari likiwa jepesi nyuma na barabara imelowa, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unaweza kukutangulia. Panda hatua moja tu, kisha zoea. Na kwa anayepita barabara za makorongo kila siku, stabilaiza nene ina gharama yake: kila gurudumu moja likipanda jiwe, lile la pili linasikia.

Springi, na kwa nini usikate

Kukata springi ni njia ya bure, ndiyo sababu inapendwa. Hesabu yake ni hii: springi yenye mapindo sita yanayofanya kazi, ukikata moja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20, kwa kuwa waya uleule sasa una mapindo matano ya kugawana kazi. Kwa maneno hayo peke yake inaonekana ni faida. Lakini shokapu imebaki na urefu wake. Gurudumu likining'inia, springi fupi inalegea na inaweza kutoka kwenye sahani, na likitua haitarudi mahali pake. Shokapu nayo sasa inaishi karibu na mwisho wa safari yake, ikigonga raba kila kishimo. Springi ambayo ncha yake imekunjwa kwa umbo maalumu ili ikae kwenye sahani ikikatwa inakosa kiti kabisa.

Kuchoma springi kwa moto ili ilale ni kubaya zaidi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na gesi ya kulehemu inafuta mapishi hayo sehemu moja. Itaendelea kulala siku hadi siku au ikatike.

Mwenye gari linalobeba mizigo na kukaa chini nyuma aulize springi za toleo zito la modeli ileile, kwa mfano ndugu yake wa buti refu. Hapa nako hesabu ya unene inatawala: waya wa milimita 13 badala ya 12, vingine vyote vikiwa sawa, ni ugumu wa asilimia 38 zaidi. Shokapu ya kawaida inaweza kushindwa kuituliza springi iliyopanda kiasi hicho, kwa hiyo chukua na shokapu za toleo hilo.

Anayetaka gari lipande juu kwa vipande vya kuweka kwenye mauntingi, sentimita mbili hivi zinavumilika kwenye magari mengi. Ukizidisha, sivijointi zinafanya kazi kwa pembe kali na boljointi zinafika mwisho wake. Nchi nyingi zina masharti juu ya kubadilisha urefu wa gari, na kampuni ya bima nayo ina maoni yake, uliza kabla.

Alaimenti na siku za mwanzo

Kama gereji ya alaimenti iko mbali, unaweza kukadiria tou nyumbani. Chagua mfereji uleule kwenye tairi mbili za mbele, pima umbali kati yake kwa mbele ya tairi na kwa nyuma, kwa kimo kile kile. Vipimo viwili vikikaribiana kwa milimita chache, utafika. Alaimenti kamili haiepukiki baada ya kugusa strati, mikono ya chini au tairodi. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na kama gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza, uliza kama sensa ya usukani imerudishwa kwenye sifuri.

Toka kwa mwendo mdogo barabara unayoijua. Kwanza breki kali mara mbili pahali salama: gari lisivute upande. Kisha tuta moja kwa gurudumu moja moja, ukisikiliza. Kisha kona ndefu, na mikono ikiwa milegevu kidogo kwenye usukani.

Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za magurudumu na ukague kila bolti uliyoigusa. Baada ya wiki mbili chukua ile karatasi ya urefu, upime tena pembe zote nne. Springi mpya hushuka milimita chache, pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukishuka peke yake, toa gurudumu umulike sahani ya chini: mara nyingi utakuta ncha ya springi imepanda juu ya kizuizi chake badala ya kukiegemea.